Ufunguo wa Tatu

Jumamosi, saa saba mchana, duka la jumla la vipodozi pale katikati ya soko lilikuwa na watu kama arobaini ndani ya chumba kinachotosha watu kumi na watano. Msusi alikuwa kwenye foleni, amekumbatia mafungu sita ya nywele za kusukia, gauni lake la njano lenye maua meupe limemganda mgongoni kwa jasho, kilemba kimeanza kwenda upande. Mbele yake alisimama kaka mmoja mrefu, shati la kijivu limenyooshwa pasi mpaka mikononi, kucha nyeusi kwa grisi, kichwa kimenyolewa kikang'aa kama sufuria jipya. Alikuwa anachagua mafuta ya nywele, tena kwa makini: anafungua kizibo, ananusa, anasugua tone kati ya vidole viwili, anarudisha chupa. Msusi alivumilia chupa tatu. Ya nne akashindwa.

"Kaka yangu, unampelekea nani hayo? Maana wewe mwenyewe huna pa kuyapaka."

Watu wakacheka. Yule kaka akageuka, akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu, akafungua mdomo amjibu, na hapo risasi ya kwanza ikalia nje.

Zilifuata nyingine nne, au saba. Baadaye watu walibishania idadi kama wanavyobishania magoli. Mwenye duka, mzee mnene ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, aliruka kaunta, akateremsha mlango wa bati, akatia kufuli kwa ndani na kuuzungusha ufunguo kwa nguvu zote za hofu, ukamkatikia. Kipande kimoja kikabaki ndani ya kufuli, kingine mkononi mwake.

Mle ndani kukabaki giza na maneno. Mama mmoja alisema ni watu wa Mnara wamekuja kulipiza. Mwenzake akamwambia Mnara walishalipiza jana, leo ni zamu ya Ghala. Mpagazi mmoja akaapa kwamba ni polisi. Mwingine akasema ni tairi limepasuka, akaulizwa tairi gani linapasuka mara saba. Kila mtu alikuwa anajua, na kila mtu alikuwa anajua la kwake.

Yule mwenye kichwa cha kung'aa alipiga magoti mbele ya kufuli, akatoa mfukoni nyaya mbili nyembamba. "Dada wa gauni la njano," akasema bila kugeuka, "niletee ile chupa ya nne."

Alikuwa fundi wa kufuli na vitasa. Mafuta ya nywele, alimnong'oneza huku akichokonoa, ni mepesi kuliko ya mashine na hayagandi. Msusi alimmulikia kwa simu. Walichutama bega kwa bega dakika arobaini. Alimuuliza kama ana mke, akajibiwa kwamba ana tupa na mashine ya kuchongea. Akamuuliza kama anajua kusuka, akasema anajua kufumua. Kufuli lilipoachia, watu wakampigia Fundi makofi, na Msusi akajikuta nje juani ameshampa namba ya simu, hakumbuki ameitoa saa ngapi.

Mji ule ulikuwa na wakubwa wawili. Watu wa Mnara walianzia kwenye mnara wa saa, wakiwatoza wachuuzi ulinzi ambao wachuuzi hawakuuomba. Watu wa Ghala walianzia kwenye maghala karibu na reli. Zamani wakubwa hao walikuwa marafiki wa kula sahani moja, kisha wakakosana, na kwa nini walikosana, hapo kila saluni ilikuwa na taarifa yake. Wengine walisema lori la sigara. Wengine mwanamke. Mshonaji aliyewahi kumshonea mmoja wao suti alisema chanzo ni kiti, kwamba mmoja alikalia kiti cha mwenzake msibani akakataa kuinuka. Sababu ilishapotea, ila maiti hawakupotea: wawili wiki hii, mmoja wiki inayofuata, duka la nguo limechomwa na mlinzi wake ndani.

Na mitaa ilikuwa inahama mikono. Mtaa ukitekwa, wakubwa wapya hawakutangaza chochote, walileta fundi. Kila duka lilibadilishwa kitasa, makomeo ya ndani yaking'olewa, na kila kitasa kilitoka na funguo tatu: mbili za mwenye duka, wa tatu wao. Wakitaka kuficha boksi au kumsaka mtu, wanaingia kama kwao. Aliyeshika ufunguo wako wa tatu ndiye mkubwa wako, basi. Aliyezichonga funguo hizo, kwa pande zote mbili, ni Fundi, kwa kuwa sokoni hapakuwa na mkono mwingine kama wake. Hakuna upande uliomgusa. Wala hakuna uliomwamini.

Msusi aliyajua hayo kwa Shangazi, dada wa baba yake, aliyemlea yeye na kaka yake tangu wakiwa wadogo. Shangazi alikuwa na kiti chake pale saluni, karibu na mashine ya kukaushia nywele. Hasuki, haoshi, kazi yake ni kusimulia, na wateja wengine walikuja kwa ajili yake hata kama vichwa vyao vilikuwa havina shida. Jumatatu Msusi akienda kununua bidhaa, Shangazi ndiye anafungua. Aliposikia habari za Fundi alikunja uso. Lakini Fundi alipokuja mara ya kwanza, amevaa shati jeupe na viatu vilivyopigwa kiwi, akapaka mafuta bawaba zote za saluni bila kuombwa, kisha akatengeneza kifungio cha mkoba wa Shangazi kilichokuwa kimekufa miaka miwili, Shangazi akaanza kumwita mkwe siku hiyohiyo, mbele ya wateja, wala hakuna aliyemuuliza mkwe wa nani.

Simu zikawa haziishi. Msusi alisuka simu ikiwa begani, akicheka peke yake mpaka wateja wakalalamika kwamba mistari inapinda. Fundi alimpigia kumuuliza amekula nini, kisha anapiga tena kumuuliza kimeshuka salama. Siku moja alipiga kwa sauti ya chini.

"Nikuambie kitu, usikasirike. Lile kufuli sokoni nililifungua ndani ya dakika tano."

"Na hizo thelathini na tano?"

"Nje miguu ilikuwa bado inakimbia. Nikasubiri itulie." Akashusha sauti zaidi. "Ilitulia kwenye dakika ya kumi."

Msusi alikata simu ili ajichekee vizuri, kisha akampigia yeye.

Kaka yake Msusi alikuwa dereva wa lori. Watu wa Mnara walimtumia kubeba mizigo yao, na siku moja wakamwambia aligonge geti la Ghala kwa lori. Aliligonga. Watu wawili walikufa upande wa pili wa geti, na mmoja alimtazama usoni kabla ya kufa, macho hayo hayakumtoka akilini. Akaacha kuendesha, akaanza kutafuta njia ya kuondoka nchini. Ghala walikuwa wanamtafuta, kwa hiyo dada yake akamlaza chumba cha nyuma cha saluni, kati ya ndoo za shampuu na maboksi ya nywele. Jioni anamfungia, alfajiri kabla mtaa haujaamka anamtoa, akashinde gereji kwa rafiki yake. Shangazi hakuambiwa. Si kwamba hakuaminiwa moyo. Kumpa Shangazi siri ilikuwa sawa na kuipeleka sokoni na kipaza sauti, na yeye mwenyewe asingejua kwamba ametangaza.

Siku ya tatu tu tangu kaka ahamie, mtaa ukaingia mikononi mwa Ghala.

Fundi aliletwa Alhamisi na maboksi ya vitasa, akisimamiwa na mtu wa Ghala wa funguo, mwanamume mpole aliyeitwa Miwani. Fundi alipopiga magoti kwenye mlango wa saluni, Msusi alijifanya anafagia karibu yake, akamweleza yote kwa kunong'ona: nani analala nyuma, na kwa nini ufunguo wa tatu usifungue mlango huu.

"Unajua unaniomba nini," Fundi akasema.

"Najua. Wiki moja tu, hadi apate safari."

Fundi aliendelea kukaza skrubu hadi ya mwisho. Kisha akaenda kwenye mashine yake aliyoiweka kibarazani, akachonga funguo mbili nzuri na wa tatu akauzidishia jino moja kwa tupa, upana wa unywele. Utaingia lakini hautazunguka. Funguo mpya hukwama mara nyingi. Miwani akilalamika, atauchukua kuurekebisha, ataupoteza, atauchelewesha, wiki itapita. Ndivyo alivyopanga. Mmoja mzuri akampa Msusi, mwingine Shangazi, na ule wa tatu akamtilia Miwani kwenye kopo lake la biskuti.

Jumatano iliyofuata, alfajiri, watu wanne waliingia saluni kuficha boksi. Walimkuta mtu amelala, wakamulika uso, wakaujua. Walimvunja mguu wa kulia mahali pawili na vidole vya mkono mmoja, na wangemaliza kazi kama mwenzao aliyekuwa nje asingewaita kwa mluzi. Walipotoka waliufunga mlango vizuri nyuma yao. Msusi alipofika na kuufungua, alishangaa kwanza harufu ya shampuu iliyomwagika sakafu nzima.

Hospitali, akiwa kwenye machela, kaka yake alimshika mkono. "Hawakuvunja," alimwambia. "Ufunguo ulizunguka laini. Nilidhani ni wewe."

Shangazi aliambiwa kwamba ameanguka toka juu ya lori akifunga turubai. Alilia, akachemsha supu, akawagombeza wenye malori wote duniani. Msusi alihesabu kichwani. Ufunguo wake alikuwa nao shingoni, kwenye mkufu. Alimuuliza Shangazi kama wa kwake upo. Shangazi akafungua mkoba, akautoa, mpya unang'aa, akauliza kwa nini. Hakuna kitu, Msusi akajibu. Kwa hiyo umebaki mmoja, na aliyeuchonga ni mmoja.

Fundi alifika mchana na mfuko wa machungwa, amekuja mbio, shati limechomoka. Msusi alimsimamisha kwenye ujia, mbele ya akina mama waliokuwa wanasubiri kuona wagonjwa.

"Niapie kwamba hukuwapa mzuri."

Na Fundi, ambaye angeweza kuapa yakaisha, hakuapa. Siku ile alichonga funguo sabini na mbili, za maduka ishirini na manne, Miwani amemsimamia begani. Anakumbuka kulisugua jino. Anakumbuka kuuweka ule mbaya upande wa kushoto wa trei. Kisha anakumbuka Miwani alisogeza trei apate pa kuweka kikombe chake cha chai, na kutoka hapo kichwa chake kilikuwa cheupe.

"Nilichonga mbaya," akasema. "Na nilimpa huo mbaya. Nadhani."

"Unadhani."

"Zilikuwa sabini na mbili, mpenzi. Nikikuapia nitakuwa nakudanganya, hata kama ni kweli."

"Kaka yangu mguu umevunjika mara mbili, wewe unadhani," Msusi akasema, tena kwa upole, na upole huo ndio uliomwondoa Fundi pale haraka kuliko ngumi. Machungwa aliyaacha kwenye benchi. Wale akina mama waliyala huku wakijadiliana nani ana makosa.

Msusi alimfungia namba. Siku mbili baadaye akamfungulia ili aone kama amepiga, akakuta amepiga mara kumi na tisa, akakasirika kwamba amepiga, akamfungia tena. Akikasirika alikuwa na uhakika, hasira ikishuka uhakika unashuka nao, na hakujua kipi kinamburuta mwenzake. Mtu aliyeweza kusema uongo mmoja rahisi akabaki naye, kwa nini hakuusema? Labda ni mjanja kupita kiasi. Labda si mjanja kabisa. Alisuka kichwa cha mteja mmoja mistari kwenda kulia, nusu nyingine kwenda kushoto, ikabidi afumue.

Fundi naye alikuwa amejifungia kwenye banda lake. Alichonga ufunguo uleule mara kumi na moja, akichanganya wazuri na wabaya kwenye trei, akifumba macho, akijijaribu kama anaweza kukosea. Mara mbili alikosea. Tangu siku hiyo hakuchonga tena. Sokoni wakasema amenunuliwa na Ghala. Wengine wakasema hapana, Mnara ndio wamemnunua, ndiyo maana hawafanyii kazi Ghala. Shangazi kila siku aliuliza mkwe yuko wapi, na akaambiwa amesafiri. Siku hizo Msusi alifungua saluni mwenyewe, hata Jumatatu, bidhaa akiziagiza.

Wiki ya tatu, Jumatano, kaka yake Msusi alimwambia, huku akimenya ndizi kwa vidole vilivyopona, kwamba ameongea na wenzake wa zamani wa Mnara. Ijumaa watapita kwenye banda la yule fundi. Asiwe na wasiwasi, halitamhusu yeye. Msusi aliitikia kwa kichwa. Aliposhuka ngazi za hospitali alihesabu siku mbili kwa vidole, akazihesabu tena, kama kwamba huenda zikaongezeka.

Alhamisi saluni ilijaa. Kulikuwa na bibi harusi na wapambe wake wanne, wateja wawili wa kawaida, na jirani aliyekuja kuazima kiti akakikalia humohumo. Mazungumzo yaligeukia mambo ya wachumba na mikosi yao. Shangazi akajiweka sawa kitini, akasema yeye mkwe wake mtarajiwa yuko hai leo kwa sababu ya akili yake yeye Shangazi, si ya mtu mwingine.

"Jumatatu ile baada ya vitasa," akaanza, "niko peke yangu hapa, huyu kaenda kununua vitu. Akaja Miwani na kopo lake, anajaribu funguo zao mlango kwa mlango. Wa kwetu ukaingia, hauzunguki. Akajaribu tena. Nikamwona anatoa simu. Nikajiambia, lo, kijana wa watu kakosea kuchonga, na hawa hawana msamaha kwa fundi anayekosea. Nikacheka. Nikamwambia baba, huo ni wangu, siku ile tulichanganya, wako ninao mimi. Nikatoa wa kwangu nikampa, nikachukua ule wake mbovu. Akajaribu, mlango huo, laini. Akanishukuru na kunishukuru. Nilipanga mkwe aje auchonge upya kimyakimya, wala sikumwambia mtu nisije nikamtia aibu ya kazi."

Bibi harusi akacheka, wapambe wakapiga makofi. Msusi alikuwa ameshika msokoto mmoja wa nywele katikati. Aliumaliza. Alimaliza na uliofuata, kwa sababu mikono haikuwa na jambo jingine la kufanya. Kisha akamwomba Shangazi ufunguo, akasema anataka kujaribu kitu, akatoka nje, akafunga mlango. Ufunguo wa Shangazi uliingia vizuri. Haukuzunguka.

Angeweza kurudi ndani akasema. Alimwona Shangazi kupitia kioo, anaigiza jinsi Miwani alivyoinama kushukuru, watu wanafuta machozi ya kicheko. Mwanamke yule aliuza cherehani yake ili wao wawili wasome. Alilala sakafuni miaka minne. Akiambiwa kwamba kwa mkono wake mwenyewe amewafungulia waliomvunja mwanaye, hatasimulia tena kitu maishani. Na yeye Msusi ndiye aliyemficha Shangazi jambo la chumba cha nyuma. Angemwambia, Shangazi asingetoa ufunguo.

Alikwenda hospitali na aproni yake bado kiunoni.

"Si Fundi," akamwambia kaka yake. "Ni mimi. Miwani alikuja Jumatatu, ufunguo wake ukakwama, akatoa simu. Niliogopa. Nikampa wangu, nikachukua ule mbovu, nikawa naazima wa Shangazi. Huu hapa."

Kaka yake aliugeuza ufunguo kwenye mwanga wa dirisha. "Mimi niko ndani ya chumba hicho kila usiku, na wewe ukawapa."

"Niliogopa."

"Na ukaniacha nimchukie mtu mwingine wiki tatu."

Hapo Msusi alianza kuifungua aproni yake, akaifunga tena, na hilo ndilo lililomfanya kaka yake aamini. Alichukua simu, akampigia mtu, akamwambia wamwache yule fundi, ni mambo ya nyumbani kwao. Akamrudishia dada yake ufunguo bila kugusa vidole vyake, kisha akaugeuzia ukuta uso. Siku hiyo hakusema naye tena. Wala siku zilizofuata.

Fundi alikuwa amelibomoa banda lake nusu. Alikuwa anafunga mashine yake kwa kamba, amevaa fulana iliyochanika bega, ndevu zimeota ovyo. Alimwona Msusi, akaacha kamba. Msusi hakuanza na maelezo. Alimwekea ufunguo kwenye kiganja.

Fundi hakuutazama. Alipitisha kidole gumba juu ya meno, moja, mbili, tatu, akasimama kwenye la nne. Akapitisha tena. Akakaa juu ya boksi la zana.

"Huu ndio nilioharibu," akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Kwenye mkoba wa Shangazi. Ule ulioutengenezea kifungio."

Akamweleza yote: Miwani na simu yake, Shangazi na huruma yake, kisha uongo aliomwambia kaka. Fundi alisikiliza ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na Msusi hakutambua mapema kama analia au anacheka. Inawezekana na yeye hakujua. Alisema kwamba wiki tatu amekuwa akiamka na kutazama mikono yake kama ya mgeni. Alisema alishaanza kuamini kwamba ni yeye. Alikuwa anaondoka asubuhi aende mji mwingine akauze vitunguu, kitu kisicho na meno.

"Kwa hiyo ulikuwa unakwenda bila kuniaga," Msusi akasema.

"Ulinifungia namba. Ningekuaga kwa mluzi?"

"Niliwahi kukufungulia."

"Lini?"

"Ulikuwa umelala."

Fundi akasimama, akajifuta uso kwa bega la fulana. Akasema hataki tena kuchonga ufunguo wa tatu wa mtu yeyote. Kuna kampuni ya milango upande wa pili wa mji inatafuta fundi, mshahara mdogo, lakini mlango ukishafungwa ni wa mwenyewe. Akasema anataka aende huko na mtu.

"Nioe mimi," Msusi akasema. "Ila ujue unaoa mwanamke ambaye kaka yake hasemi naye."

"Atasema."

"Unadhani?"

"Hapana," akasema Fundi. "Hili naapa."

Miezi miwili baadaye, Jumapili mchana, sebule ya Shangazi ilijaa hadi watu wakakalia kizingiti. Viti viliazimwa nyumba tano. Fundi alikuja na wajomba zake wawili, amevaa suti ya bluu iliyombana kidogo kifuani, kichwa kimenyolewa upya. Msusi alivaa gauni la zambarau lenye mikono mirefu, akapita na sinia huku na huku bila kukaa. Kaka yake alifika wa mwisho, na magongo mawili. Alimsalimia Fundi kwa mkono, akawasalimia wajomba, akamkumbatia Shangazi, akampita dada yake kama mtu anavyopita kabati, akakaa karibu na mlango, mguu umenyooshwa mbele. Kwenye kiti cha pembeni yake akalaza magongo.

Chakula kilipofika katikati, mjomba mmoja aliuliza kwa utani kama familia imemchunguza vizuri huyu kijana wao. Shangazi akapangusa mikono. Akasema kumchunguza nini, yeye alishamwokoa roho.

Msusi alimwita jikoni, kwamba kuna kitu kinaungua. Shangazi akasema kiungue. Fundi akaangusha kijiko, akakohoa, akaomba maji. Akapewa maji, na hadithi ikaendelea. Jumatatu ile. Kopo la biskuti. Miwani anatoa simu. "Nikamwambia baba, huo ni wangu. Nikatoa wa kwangu nikampa, nikachukua mbovu wake." Watu walicheka hadi sahani zikatikisika magotini. "Ningechelewa kidogo," Shangazi akamalizia, "leo tungekuwa tunamlilia mkwe badala ya kumlisha."

Kaka hakucheka. Alikuwa ameacha kutafuna tangu kwenye simu ya Miwani. Alimtazama Shangazi, aliyekuwa anajipepea na mtandio, uso umechangamka, amefurahi kwamba nyumba yake imejaa. Kisha akamtazama dada yake, mara ya kwanza kwa miezi miwili. Msusi alikuwa amesimama na sinia tupu. Alitikisa kichwa, kidogo sana.

"Shangazi," kaka akaita.

Fundi akaweka glasi chini.

"Nini, baba?"

Kaka alipangusa mdomo polepole. "Ulifanya vizuri," akasema. "Mimi nisingewaza haraka hivyo."

Shangazi akasema yeye si wa mchezo, akamgeukia mjomba aliyekosa mwanzo ili aanze upya. Kaka aliinama, akayaondoa magongo kwenye kile kiti, moja baada ya jingine, akayaweka sakafuni, akakipiga kiti kwa kiganja.

"Njoo ukae," akamwambia dada yake. "Umesimama sana."